Kwa Nini Dawa Hushindwa? Habari za Vijidudu Vinavyokata Penisilini

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Walimu wa madarasa, nawaombeni muandike ubaoni maneno matatu kabla hatujaanza. Neno la kwanza ni KIJIDUDU. Neno la pili ni PENISILINI. Neno la tatu ni KIMENG'ENYA. Msiliogope neno hili la tatu kwa kuwa ni geni. Kitu chenyewe mnacho kinywani sasa hivi, na wengi wenu mmekitumia jikoni tangu utoto. Nitawaelezeni.

Somo letu la leo ni habari ya dawa inayoshindwa. Mtoto ana homa kali na anapumua kwa shida. Anapewa dawa ileile iliyomponya kaka yake mwaka juzi. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu inapita, naye hapati nafuu. Watu wa nyumbani husema, "Mwili wake umezoea dawa." Wengine husema, "Dawa za siku hizi hazina nguvu."

Ni kweli kwamba ziko dawa mbovu, nazo ni dawa za bandia au zilizopitwa na wakati. Lakini mara nyingine dawa ni nzima kabisa, na mwili wa mtoto haujazoea kitu. Vilivyobadilika ni vijidudu vilivyomo mwilini mwake. Basi jambo kubwa la kushika leo ni hili: anayeishinda dawa si mgonjwa, ni kijidudu. Ukilijua hilo utajua pia kwa nini dawa iliyotumiwa vibaya na mtu mmoja huweza kumdhuru jirani yake ambaye hakuinywa.

KIJIDUDU NA UKUTA WAKE

Vijidudu ninavyovisema leo huitwa bakteria. Ni vidogo mno, hata jicho haliwezi kuviona bila hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia. Chukueni rula mtazame. Milimita moja ni nafasi iliyo kati ya mistari miwili midogo. Bakteria wa kawaida wakipangwa mmoja mmoja, karibu elfu moja huenea katika nafasi hiyo.

Vijidudu vingi havina ubaya. Viko juu ya ngozi zetu, matumboni mwetu, katika udongo na katika maji, na vingine hutufaa sana. Lakini viko vinavyoleta maradhi kama vile majipu, homa ya mapafu, kisonono na kuhara damu.

Karibu kila kijidudu cha namna hii kina ukuta unaokizunguka. Ndani ya kijidudu mna chumvi na vitu vingine vinavyovuta maji kutoka nje. Maji hayo huusukuma ukuta kama upepo unavyousukuma mpira wa baiskeli. Ukuta ukiwa imara, kijidudu ni salama. Ukuta ukiwa dhaifu, kijidudu hupasuka. Tena kijidudu kinapokua ni lazima kiendelee kuujenga ukuta wake. Ndani yake mna vitu vidogo vinavyofanya kazi hiyo, na leo tutaviita mafundi wa ukuta. Kazi yao ni kuunganisha matofali.

JINSI PENISILINI INAVYOUA

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, mtaalamu mmoja aitwaye Alexander Fleming alikuwa akiotesha vijidudu katika visahani. Kisahani kimoja kiliingia kuvu, jamaa ya kuvu ile tunayoiona juu ya machungwa yaliyooza. Fleming akaona kwamba pande zote kuizunguka kuvu hiyo vijidudu vimekufa. Kuvu ilikuwa ikitoa kitu cha kuua vijidudu. Kitu hicho akakiita penisilini.

Lakini kuitoa penisilini katika maji ya kuvu na kuifanya dawa ilikuwa kazi ngumu. Kazi hiyo ilifanywa katika mji wa Oxford kuanzia mwaka 1939 na Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Mwezi wa Mei 1940 walichukua panya 8 wakawatia vijidudu vikali. Panya 4 walipewa penisilini, na 4 hawakupewa. Kesho yake asubuhi wale wasiopewa walikuwa wamekufa wote. Wale waliopewa walikuwa hai wote.

Mwezi wa Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja aliyekuwa taabani kwa vijidudu vilivyoenea mwilini. Baada ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno. Waganga walikusanya hata mkojo wake ili waichuje penisilini iliyotoka humo na kumpa tena. Hata hivyo dawa ikaisha. Maradhi yakarudi, na mwezi wa Machi akafa. Hapo mwaona thamani ya dawa ambayo leo tunaikuta dukani.

Sasa, penisilini huuaje? Sikilizeni vizuri. Chembe moja ya penisilini ina pete ndogo yenye pembe nne. Pete hiyo imekazwa kama upinde uliovutwa, tayari kufyatuka. Fundi wa ukuta akiikuta penisilini huidhania tofali, akaishika. Pete hufyatuka, ikamnasa mkono. Hawezi kuiachia, wala hawezi kujenga tena. Mafundi wote wakinaswa, ukuta hudhoofika, maji huingia kwa nguvu, na kijidudu hupasuka.

Mwili wa mwanadamu hauna ukuta wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo penisilini huweza kuua vijidudu bila kutupasua sisi. Lakini wako watu wachache ambao miili yao huikataa dawa hii, nayo huweza hata kuwaua. Ndiyo maana mganga huuliza kwanza kama dawa hii imewahi kukudhuru.

Vilevile mafua na homa ya mafua havitokani na bakteria. Huletwa na virusi, navyo ni vidogo zaidi na havina ukuta huo. Kumpa mtu wa mafua penisilini ni kutuma mvunja kuta mahali pasipo na ukuta.

KIMENG'ENYA NI NINI?

Sasa tulitazame lile neno la tatu. Nadhani wengi wenu mnajua kutengeneza togwa. Mtu hupika uji mzito. Ukishapoa kidogo, hutia unga wa kimea cha ulezi, akakoroga. Baada ya muda uji ule mzito huwa mwepesi, tena huwa mtamu ingawa hakutia sukari. Ni nini kilichofanya kazi hiyo? Katika kimea mna vitu viitwavyo vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo huukata wanga wa uji vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo ndivyo vitamu.

Mate yetu nayo yana kimeng'enya cha namna hiyo. Ukitaka kujua, tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa, usimeze upesi. Utaona utamu unakuja.

Angalieni jambo moja katika togwa: kimea kidogo hutosha sufuria kubwa ya uji. Sababu yake ni kwamba kimeng'enya hakiishi kwa kufanya kazi. Hukata, huachia, kisha hukata tena. Ni kama mkasi wa fundi cherehani. Haupungui kwa kukata nguo moja.

KIJIDUDU CHENYE MKASI

Basi viko vijidudu vyenye kimeng'enya cha kukata penisilini. Kimeng'enya hicho huitwa penisilinasi. Leo jamaa yake yote huitwa beta-laktamasi, lakini sisi tutakiita mkasi.

Mkasi huu hufanya hivi. Huishika chembe ya penisilini, hutia chembe moja ya maji katika ile pete ya pembe nne, na pete hufunguka. Upinde umekatwa kamba. Penisilini iliyokatwa hivyo haiwezi tena kumnasa fundi wa ukuta. Kisha mkasi huiachia na kushika nyingine. Mkasi mmoja huweza kukata mamia ya chembe za penisilini kwa sekunde moja. Kwa hiyo dawa huharibika kabla haijafika kwenye kazi yake.

Tena mikasi mingine hutoka nje ya kijidudu ikaenea mahali palipo na maradhi. Hapo hata vijidudu jirani visivyo na mkasi hupona kwa kivuli cha mwenzao.

Je, ni nani aliyevipa vijidudu mkasi huu? Si mwanadamu. Mwezi wa Desemba 1940 Ernst Chain na mwenzake Edward Abraham walitangaza kwamba wamekuta ndani ya bakteria kimeng'enya kinachoharibu penisilini. Linganisheni tarehe hizo. Yule askari polisi alipewa dawa Februari 1941. Mkasi ulijulikana kabla yake. Tena mwaka 2011 wataalamu walieleza kwamba katika udongo wa Canada, uliokuwa umeganda kwa barafu miaka 30,000 hivi, walikuta alama za mikasi ya jamaa hiyo. Katika udongo kuvu na vijidudu vimepigana tangu zamani, huyu na sumu yake, yule na kinga yake. Mkasi ni wa kale. Kosa letu ni kuupa nafasi ya kuenea.

MALISHO NA MAGUGU

Mkasi hupataje nafasi? Fikirini malisho ya ng'ombe. Kuna majani mengi matamu, na hapa na pale kuna gugu lisilolika. Majani yakiwa mengi, gugu hukosa nafasi. Lakini ng'ombe wakizidi, hula majani yote matamu na kuliacha gugu. Mvua ikinyesha, gugu hushika malisho yote. Ng'ombe hawakulifundisha gugu kuwa chungu. Waliondoa tu wenzake waliokuwa wakilibana.

Dawa nayo hufanya vivyo hivyo mwilini. Huua vijidudu visivyo na mkasi, vibaya na vizuri pamoja. Vyenye mkasi hubaki, navyo huzaana upesi sana. Vijidudu vya tumboni vikipata chakula na joto la kutosha huweza kugawanyika kila dakika 20. Kimoja huwa viwili.

Haya, shikeni kalamu tufanye hesabu. Tukianza na kijidudu 1, baada ya dakika 20 viko 2. Baada ya dakika 40 viko 4. Baada ya saa moja viko 8. Je, baada ya saa mbili viko vingapi? Nanyamaza kidogo ili mhesabu.

Ni 64. Baada ya saa tatu ni 512. Baada ya saa nne ni 4,096. Na watoto wote wa kijidudu chenye mkasi huzaliwa na mkasi.

Jambo hili limekwisha tokea. Katika hospitali moja ya London mtaalamu mmoja, Bibi Mary Barber, alivipima vijidudu vya majipu na vidonda. Mwaka 1946 vilivyoishinda penisilini vilikuwa chini ya 15 katika kila 100. Mwaka 1948 vilikuwa zaidi ya nusu. Miaka miwili tu!

Zaidi ya hayo, kijidudu hakingoji kuzaa ili kueneza mkasi. Maagizo ya kutengeneza mkasi mara nyingi yameandikwa katika pete ndogo, na kijidudu huweza kuinakili pete hiyo na kumpa jirani, hata jirani wa kabila jingine. Ni kama mtu anayemwazima mwenzake ufunguo ili achonge wa kwake. Mwaka 1965 wataalamu walieleza habari za mkasi wa namna hiyo uliopatikana kwa mgonjwa mmoja wa Athens, nchi ya Ugiriki. Mkasi huo na jamaa zake sasa wameenea duniani kote.

VITA YA WATAALAMU

Wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 1960 walitoa dawa iitwayo methisilini, penisilini ambayo mkasi wa vijidudu vya majipu haukuweza kuikata. Mwaka 1961 tayari vilionekana huko Uingereza vijidudu vinavyoishinda. Hivi vilitumia hila nyingine. Vilikuwa na fundi wa ukuta asiyenaswa.

Kisha wataalamu wakatafuta kitu cha kuzuia mkasi wenyewe. Katika bakteria mmoja wa udongo walipata kitu kiitwacho asidi ya klavulani. Hii huingia katika mkasi ikakwama humo, kama kijiti kilichotiwa katika tundu la kufuli. Wakati mkasi umekwama, penisilini hupita na kufanya kazi yake. Tangu mwaka 1981 dawa hiyo imeuzwa ikiwa imechanganywa na amoksilini, nayo imeokoa watu wengi. Lakini baadaye ikaonekana mikasi isiyozuiliwa nayo, na mingine inayokata hata dawa kali zinazowekwa akiba hospitalini.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa watoto waliolazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wakiwa na vijidudu ndani ya damu. Baadhi ya vijidudu hivyo vilikuwa na mikasi ya kukata hata dawa mpya za jamaa ya penisilini. Watoto wengi walioshikwa na vijidudu hivyo walikufa. Na kwa dunia nzima, wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 hivi walikufa kwa sababu bakteria walizishinda dawa.

TUFANYE NINI?

Fleming mwenyewe alionya mapema. Desemba 1945, alipopewa tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain, alisema kwamba siku itakuja ambapo mtu yeyote ataweza kununua penisilini dukani, na mjinga ataitumia kidogo kuliko inavyotakiwa. Vijidudu vyake havitakufa, bali vitakuwa sugu, kisha atamwambukiza mwingine. Ndugu zangu, siku hiyo imekwisha fika. Basi shikeni mambo haya sita.

La kwanza, usinunue dawa za kuua bakteria kwa kukisia. Nenda zahanati ukapimwe. Homa inaweza kuwa malaria, na penisilini haitibu malaria.

La pili, usimlazimishe mganga akupe sindano au vidonge vya rangi mbili. Akikuambia kwamba mafua yatapona yenyewe, hajakunyima dawa. Amekuhifadhia dawa.

La tatu, ukipewa dawa, itumie kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa. Usipunguze mwenyewe, wala usiongeze mwenyewe. Usipopata nafuu, au ukizidiwa, rudi upesi.

La nne, usinunue vidonge vinne kwa kuwa fedha ni kidogo. Najua shida hiyo ni ya kweli. Lakini vidonge vinne huenda visimponye mgonjwa, vikaacha magugu na kuondoa majani. Mwambie mganga wazi kwamba huna fedha za kutosha, ili atafute dawa unayoiweza.

La tano, usitumie dawa iliyobaki ya jirani, wala usimpe kuku au ng'ombe dawa za namna hii bila kumwuliza bwana mifugo. Vijidudu vya zizini na vya nyumbani hupeana mikasi.

La sita, zuieni maradhi yasiingie. Nawa mikono kwa sabuni, tumia choo, chemsha maji ya kunywa, na mpeleke mtoto kwenye chanjo. Mtoto akiharisha maji, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati ili asikaukiwe. Akiharisha damu, mpeleke kwa mganga siku hiyohiyo. Maradhi ambayo hayakuingia hayahitaji dawa, na dawa isiyotumika bure haioteshi magugu.

Sasa mwalimu wa darasa atawaulizeni maswali haya, nanyi mjadiliane.

1. Mtu akisema, "Mwili wangu umezoea dawa," utamjibu nini?
2. Kwa nini penisilini haitibu mafua?
3. Kimea cha togwa na mkasi wa kijidudu vinafanana kwa jambo gani?
4. Tukianza na kijidudu 1 kinachogawanyika kila dakika 20, baada ya saa tano viko vingapi?
5. Katika kijiji chenu, ni watu gani wanaouza dawa bila kumpima mgonjwa, na mnaweza kufanya nini?

Kila mmoja aandike katika daftari lake sentensi hii, aisome kwa sauti, kisha akaisome nyumbani: "Dawa niliyoitumia vibaya leo, kesho itamkosa mtoto wa jirani."